Zima Sauti Uone Anachokiona Mwanao

Kwa vijana wanaojaza muvi kwenye flash, iwe Chanika hapa Handeni au Manundu kule Korogwe, kila kilichochorwa kina fungu moja na jina moja: katuni. Ukimwomba kijana akujazie katuni za mtoto, analichukua fungu zima na kulimimina kwenye flash yako. Humo utaikuta Ben 10, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule, imepangwa ubavuni mwa Rick and Morty, ambayo tangu ilipoanza mwaka 2013 ni ya watu wazima: babu mwanasayansi, mlevi, anamburura mjukuu wake kutoka sayari hii hadi ile, na njiani kuna matusi, damu na maneno ya chumbani. Utaikuta pia Love, Death & Robots ya Netflix, iliyoanza mwaka 2019, yenye watu walio uchi na miili inayochanwa. Zote zimechorwa, zote zina roboti na vyombo vya angani, na kwenye kioo cha simu unaweza kudhani ni ndugu. Kijana wa muvi hakusudii ubaya. Ana foleni ya watu na hajui umri wa mwanao. Basi mtajie majina ya katuni unazozitaka, moja moja, yameandikwa kwenye karatasi, na ukifika nyumbani fungua flash mwenyewe kabla ya kumkabidhi mtoto.

Nayaandika haya kwa mzazi, bibi, mjomba au dada mkubwa anayebaki na watoto likizo ya Juni na Desemba. Nazungumzia katuni za sayansi ya kubuni tu: roboti, viumbe wa sayari nyingine, maabara, safari za kwenda wakati uliopita na ujao. Ngano za sungura na fisi tulilelewa nazo, tunajua zinaishia wapi. Hizi hatukulelewa nazo, na ndiyo maana wengi wetu tumegawanyika. Wapo wanaosema ni mambo ya watoto tu, wakaacha zipite zote. Wapo wanaoona kiumbe mwenye jicho moja wakazima TV papo hapo. Mimi nawasihi wote wawili wakae chini watazame kwanza.

Msaada wa kwanza ni alama za umri. Vipindi vya Marekani hubeba alama kwenye kona ya kioo vinapoanza: TV-Y ni kwa watoto wote, TV-Y7 ni kuanzia miaka 7, na herufi FV zikiongezwa hapo zinaonya kwamba kuna mapigano ya kubuni. TV-PG inataka mzazi awepo, TV-14 ni kuanzia miaka 14, TV-MA ni ya watu wazima. Kwenye DStv utaona namba ya umri pamoja na herufi, V ikiwa ni ukatili, L lugha chafu, S ngono. Vingi vya ving'amuzi vyetu vina namba ya siri ya mzazi ya kufunga vipindi vya umri mkubwa, na nyumba nyingi hazijawahi kuiweka. Iweke leo. Nchini kwetu filamu hukaguliwa na Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976. Lakini ukaguzi wa bodi na alama za kituo haviingii kwenye flash iliyojazwa dukani. Mwezi Juni 2017 bodi ya filamu ya Kenya ilizuia katuni sita zisionyeshwe, Steven Universe ikiwa mojawapo, na hiyo ni katuni ya viumbe waliotoka angani. Zuio la namna hiyo linamfikia mwenye kituo cha televisheni. Kwa mwenye kompyuta yenye fungu la katuni, anayebaki mlangoni ni wewe.

Alama hizo zina upungufu mwingine, na huu ndio ulionifanya niandike. Mtu aliyeiwekea Ben 10 alama ya miaka 7 alimfikiria mtoto anayesikia Kiingereza. Mtoto wa darasa la pili wa Sindeni au Magoma haisikii hiyo lugha. Anachopokea ni picha, kelele na rangi. Maneno yote ya busara yaliyowekwa humo ili kuyapoza mapigano yanampita juu ya kichwa.

Chukua kipindi cha kwanza kabisa cha Ben 10, kilichoonyeshwa Marekani mwishoni mwa Desemba 2005. Mtoto wa miaka 10, Ben, yuko safarini na babu yake Max na binamu yake Gwen. Anaokota kifaa kilichodondoka kutoka angani, kinamng'ang'ania mkononi, na ghafla anageuka kiumbe cha moto. Anajaribu nguvu zake, na msitu unashika moto. Gwen na babu wanafika mbio na vizima moto. Kisha babu anamweleza mjukuu jambo la maarifa kabisa: washa moto mwingine uelekee ule wa kwanza, ikutane, ikose cha kula, izimike. Ben anafanya hivyo. Mwenye kuelewa maneno ameona uzembe, hofu, ushauri wa mzee na kosa kurekebishwa. Asiyeelewa ameona mtoto wa rika lake anarusha moto msituni, halafu anarusha moto mwingi zaidi, kisha anakuwa shujaa. Kwetu Handeni, kiangazi kinapokausha majani mpaka yanalia chini ya miguu, na moto wa kuandaa shamba unavyoweza kuruka mpaka kwa jirani, tofauti ya masimulizi hayo mawili ni kubwa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huu. Watoto wakishalala, fungua katuni yenyewe na uzime sauti. Usichague kipindi cha kwanza, maana cha kwanza huwa na adabu ya mgeni. Chagua cha katikati, au cha msimu wa pili na wa tatu, ambako watengenezaji wameshazoea na mambo yamepanda. Tazama dakika kumi bila kusikia neno. Jiulize umeona nini. Nani kapigwa, na je, aliyepigwa alionekana kuumia au aliinuka kama hakuna kitu? Tatizo limeisha kwa ngumi, kwa bomu, au kuna mtu alikaa akafikiri, akachora, akatengeneza kitu, akajaribu mara ya pili? Nani alichekwa, na alichekwa kwa sababu ya unene, rangi, umaskini, au kwa ujinga alioutenda? Mabinti wamevaa nini na wanafanya nini zaidi ya kuokolewa? Ulichokipata hapo ndicho atakachokipata mwanao. Baada ya hapo rudisha sauti utazame upya. Ukiona hadithi ya pili ni njema kuliko ya kwanza, hiyo katuni inamfaa mtoto ikiwa utakaa naye umsimulie kwa Kiswahili. Ukiona picha na maneno vinasema jambo moja jema, mwachie hata peke yake. Picha ikiwa mbaya kwenye ukimya, maneno hayataiokoa.

Kuiga hakuhitaji lugha. Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1963, aliwaonyesha watoto wadogo filamu ya mtu mzima akimpiga mdoli, na wengine akawaonyesha mtu aliyevalishwa kama paka wa katuni akifanya vivyo hivyo. Walipoachwa na mdoli, watoto wa makundi yote mawili walimpiga zaidi kuliko wale ambao hawakuona kitu, na baadhi yao waliiga pigo kwa pigo. Ukitaka kujua katuni imemwachia nini mwanao, mwangalie uwanjani kesho yake. Mchezo wa kujenga chombo cha angani kwa maboksi na mabua ya mahindi ni dalili njema. Mchezo ambao mdogo wake ndiye adui kila siku unataka mazungumzo.

Kuna sauti nyingine ya kupima, nayo ni ya huku kwetu. Tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, Watanzania wamezoea muvi za kigeni zilizotafsiriwa, ambamo msimuliaji anapandisha Kiswahili chake juu ya maneno ya wenyewe. Siku hizi hata katuni hutafsiriwa na madijei. Wapo wanaofanya kazi nzuri sana: mtoto anafuata kisa, anajua nani ni nani, anacheka mahali pa kucheka. Lakini dijei husimulia akiwafikiria vijana walio kwenye benchi la banda, na utani wa vijana hauna mpaka. Picha iliyokuwa safi kabisa inaweza kubandikwa matusi na vijembe vya mapenzi ambavyo mchoraji hakuwahi kuvifikiria. Ndiyo maana katuni ile ile inaweza kumfaa mtoto ikiwa na sauti yake ya asili, na isimfae ikiwa na sauti ya dijei fulani. Sikiliza dakika kumi za tafsiri pia. Ukimpata dijei mwenye ulimi wa staha, shika jina lake na uombe za kwake.

Kuhusu umri, nitakaa zaidi kwa walio chini ya miaka 6, kwa sababu hao ndio tunaowakosea zaidi. Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyetumia miaka mingi kuchunguza hofu za watoto, aliona jambo la ajabu kuhusu The Incredible Hulk, tamthilia ya Marekani iliyoanza mwaka 1977. Daktari mpole akikasirika anageuka jitu la kijani, na jitu hilo linawaokoa watu. Wazazi walisema watoto wao wa umri wa chekechea walitishwa nalo mno. Wakubwa walielewa kwamba jitu ndiye yule yule mwema. Wadogo waliona mtu wanayemwamini ameharibika sura mbele ya macho yao. Mtoto mdogo huhukumu kwa sura, na kugeuka kwa mtu kunamtisha kuliko silaha. Sasa kumbuka kwamba katuni nyingi za aina hii zimejengwa juu ya kugeuka: Ben anageuka kiumbe kama mbwa asiye na macho, roboti inafunguka kuwa gari. Na kumbuka kwamba watoto wetu wanasikia, jikoni na kisimani, habari za watu wanaojigeuza fisi. Mtoto wa miaka 4 hana ukuta kati ya habari ile na picha hii.

Matokeo yake hayaishii kwenye ndoto. Nyumba zetu nyingi, mjini na vijijini, choo kiko uani. Mtoto aliyeona jitu jioni hatatoka usiku, na asubuhi godoro limelowa, naye anachapwa. Kabla hujamchapa, uliza jana alitazama nini. Na usidhani kumwambia "si kweli, ni picha tu" kutamtuliza. Cantor na wenzake waliona kwamba maelezo hayamsaidii sana mtoto wa umri huo. Kinachomtuliza ni mwili wako: kumkumbatia, kumpa maji, kuwasha taa, kulala karibu naye, kumsindikiza uani bila kumkebehi. Kwa mtoto wa miaka 9 au 10 mambo yanageuka. Huyo haogopi sura, anaogopa kinachoweza kutokea kweli: dunia kuungua, ugonjwa kuenea, mashine kuwashinda watu. Huyo anataka majibu, na ukimpa majibu ya kweli analala.

Kasi nayo ipimwe. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwaonyesha watoto wa miaka 4 dakika tisa za SpongeBob, katuni yenye picha zinazobadilika haraka mno, na mara baada ya hapo watoto hao walifanya vibaya kuliko wenzao kwenye majaribio ya kutulia, kukumbuka na kufuata maagizo. Katuni za vita vya angani mara nyingi zina kasi ya namna hiyo au kuizidi. Usimtoe mtoto hapo ukampeleka moja kwa moja kwenye hesabu au madrasa. Mwache akimbie kwanza. Na kwa walio kati ya miaka 2 na 4, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 wasikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku. Pungufu ni bora.

Mwanga unaomwekamweka ni jambo la afya kabisa. Tarehe 16 Desemba 1997 televisheni ya Japani ilionyesha kipindi cha Pokémon ambacho mashujaa wanaingia ndani ya kompyuta. Mwanga mwekundu na wa buluu ulipokezana mara 12 hivi kwa sekunde, kwa sekunde chache tu, na watoto 685 wakakimbizwa hospitali, baadhi wakiwa na degedege ambalo hawakuwahi kulipata kabla. Katuni za sayansi zina milipuko na miale kuliko aina nyingine yoyote. Washa taa ya chumba, mtoto akae mbali na kioo, na mwenye historia ya kifafa asitazame zenye mimweko mfululizo. Ikitokea mtoto ameanguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni wala kumshikilia kwa nguvu, kisha mpeleke zahanati au hospitali. Nawaomba sana, hospitali iwe safari ya kwanza.

Hayo ya taa na umbali hayapo kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea muvi. Kibanda ni giza, benchi la mbele limegusa kioo, na mtoto wa miaka 6 amebanwa kati ya vijana wa miaka 20. Hata kama katuni ya saa nane mchana ni njema, muvi inayofuata haimsubiri atoke. Mtoto mdogo asiende kibandani bila mtu wake mzima, na wenye vibanda, ambao wengi ni wazazi, wanaweza kutenga saa za watoto na kuzisimamia.

Sasa hofu ya dini, kwa sababu nyumba nyingi zinaamua kwa hiyo. Pembe, jicho moja na pembetatu vimewafanya watu wengi kusema katuni fulani ni za freemason. Naiheshimu hofu ya mzazi anayelinda imani ya mwanawe. Ila namwomba apime matendo. Kiumbe mwenye pembe anayesema kweli na kulinda wanyonge hamfundishi mtoto ubaya, na kijana mzuri wa sura anayedanganya kila kipindi na kushinda anamfundisha. Kukiwa na mahali ambapo wahusika wanaabudu nyota au kuita mizimu, mweleze mtoto waziwazi nyumba yenu inaamini nini. Watoto wa Handeni, Waislamu na Wakristo, wanaishi uzio kwa uzio. Wanajua tangu wadogo kwamba wengine wana imani nyingine.

Nimetaja mengi ya kuzuia, na sipendi mzazi aondoke akidhani sayansi ya kubuni ni ya kukimbia. Mtoto anahitaji kuota vitu ambavyo havijatengenezwa bado. Kwa wadogo anza na vilivyotengenezwa hapa nyumbani kwa Kiswahili: Akili and Me, ya mtoto wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na kuingia ulimwengu wa ndotoni akilala, na Ubongo Kids, iliyoanza mwaka 2014, ambayo inafumbua hesabu na sayansi kwa visa na nyimbo. Kwa wa miaka 7 hadi 10 ipo Super Sema kutoka Kenya, iliyotoka YouTube Machi 2021, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa wasimamizi wake: binti wa kijijini anapambana na mtawala aliye roboti kwa kubuni vifaa. Nimeipima bila sauti, na bado unaona mtoto anafikiri na kutengeneza. Kizazi Moto ya Disney+, ya mwaka 2023, ina filamu fupi kumi za Kiafrika. Ile ya Mganda Raymond Malinga inaonyesha binti anayetaka kuwa mchunga ng'ombe wakati wachungaji wamekuwa nusu mashine. Mtoto wa jamii ya wafugaji wa Handeni ataielewa kabla hujamweleza. Kizazi Moto ina majitu ya kutisha, kwa hiyo ningeisubirisha mpaka miaka 11 au 12, tena ukiwa naye, maana jina ni la Kiswahili lakini mazungumzo mengi ni ya Kiingereza.

Mkoa wetu wa Tanga umeshawahi kuonyesha lugha inafanya nini kwenye kioo. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE, zaidi ya watoto 2,500 kwenye vijiji takriban 170 vya mkoa huu walipewa tableti zinazochajiwa kwa jua. Wengi hawakuwa wanakwenda shule, na wengi zaidi hawakuweza kusoma hata neno moja. Programu zilikuwa za Kiswahili. Baada ya miezi kama 15 idadi ya wasioweza kusoma ilikuwa imeshuka sana, na Mei 2019 programu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana dola milioni 10. Mtoto aliye mbali na barabara ya lami alikaa na mashine, akaielewa, akajifunza.

Kwa hiyo ukikaa na mwanao mbele ya katuni ya maabara, simamisha picha mara moja umwambie kwamba maabara si za Marekani tu. Watoto 894 wa Kilifi na Korogwe walishiriki jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lililochapishwa mwaka 2008, kisha Korogwe ikawa moja ya vituo 11 vya jaribio kubwa la mwisho, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika. Ukiona mashine ya umeme kwenye katuni, mtajie Hale, ambako maji ya Pangani yalianza kuzungusha mitambo miaka ya 1960. Usigeuze kila kipindi kuwa darasa. Jambo moja kwa siku linatosha. Muulize: hiki kinaweza kutengenezwa kweli? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kwa nini yule roboti alisema uongo? Kisha nyamaza umpe nafasi.

Na siku utakapogundua ameshatazama kisichomfaa, kwenye simu ya shangazi au kwa jirani, usianze na fimbo. Mtoto aliyechapwa kwa alichokiona atatazama tena na hatakuambia. Kaa naye, mwambie akusimulie kile kipindi chote kama alivyokielewa, tangu mwanzo. Utasikia alipoogopa, alipocheka, na alipodhani ni kweli. Mwache amalize, rekebisha alipoelewa vibaya, ndipo muifute katuni hiyo pamoja, kama ipo kwenye flash yenu, na kuchagua ya kuweka mahali pake.